Kadi Yenye Mihuri Mitatu

Mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali aliitwa Kanuni, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wafanyakazi wake, watu wanane wa kuchambua, kufua, kupiga pasi na kukunja, na wala hawakumpa kwa mapenzi. Mtu huyu alikuwa na karatasi ya kanuni ukutani, nyingine juu ya meza yake, na nyingine nyuma ya mlango wa choo, mahali ambapo mtu huenda kutafuta nafasi ya kupumua. Glavu nzito mikono yote miwili. Buti. Aproni. Usikumbatie mfuko wa nguo chafu. Usiingize mkono usikoona. Kila Jumatatu aliwasomea zote kwa sauti, na aliyepiga miayo alisomewa tena peke yake.

Lakini tusimwonee bure. Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Shuka za wodini hushuka na mambo yake. Humo walishakuta mikasi, bakuli la chuma, meno ya bandia seti nzima, na siku moja simu iliyolia ndani ya mashine hadi ikanyamaza yenyewe. Sindano ndiyo usiseme, maana wapo watu waliosoma miaka na miaka wakashindwa kujifunza kutupa sindano kwenye kisanduku chake. Kanuni alikuwa na haki ya kuwa mkali. Tatizo lake lilikuwa jingine, na lilijulikana na watu wawili tu, au ndivyo alivyoamini.

Kanuni aliogopa sindano.

Usidhani ni kule kuogopa kwa kukunja uso na kugeukia ukuta. Mwaka uliotangulia, hospitali ilipoamua watu wote wa kufulia wachanjwe dhidi ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu ndani ya miezi sita, yeye ndiye aliyewakalisha chini akawaeleza. Aliwaambia kwamba virusi hivyo hukaa kwenye damu, kwamba tone lililokauka kwenye shuka linaweza kuwa navyo hai hata wiki nzima, na kwamba mtu anaweza kutembea navyo miaka akicheka na kula vizuri huku ini lake linaharibika. Aliwaeleza vizuri sana. Siku ya dozi ya kwanza akatangulia mbele kama kiongozi, akachomwa, akasema asante, akatoka hadi kwenye korido. Huko akateleza ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni, mabega yake yote yale, jasho jembamba likimtoka, macho kayatoa kama mjusi aliyebanwa na mlango. Aliyemkuta ni Pasi.

Pasi alikuwa mama wa makamo, mjane, mpiga pasi kwa miaka kumi na minane. Mdomo wake ulikuwa haupumziki, ila alijua pa kuufunga. Alimpepea kwa kofia yake ya kazi mpaka akili zikamrudia, na mwezi uliofuata, Kanuni alipoanza kukonda kwa kuwaza dozi ya pili, ndiye aliyeleta ujanja. Utaratibu wenyewe uliuruhusu. Kadi za idara zilipelekwa rundo zima, msaidizi aliyeletwa kuchanja akazigonga mihuri zote kwanza ili kuokoa muda, kisha akahesabu mikono inapopita: kadi tisa, mikono tisa. Wote walivaa kofia na barakoa, kwa hiyo mkono ulikuwa mkono tu. Pasi alipita na mkono wa kushoto, akazunguka nyuma ya toroli, akabadilisha aproni, akapita tena na wa kulia. Miezi mitano baadaye akarudia mchezo uleule.

"Ini langu sasa lina walinzi watano," alimwambia Kanuni. "Wawili ni wako, ukiwahitaji useme."

Kanuni alicheka. Kadi yake ikalala kwenye faili na mihuri yake mitatu mizuri ya bluu. Wiki ile ile ofisi ilileta kanuni mpya, kwamba atakayedanganya kwenye kadi ya chanjo atapoteza kazi, na Kanuni akawasomea watu wake kwa sauti bila hata kumeza mate. Hapo, kusema kweli, ndipo mtu anapopata hasira naye.

Sasa ilikuwa Jumatano, inakaribia saa nne asubuhi, upande wa nguo chafu. Watu wote walikuwa na glavu mikono miwili. Kanuni alikuwa na glavu mkono mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa mtupu kwa sababu ulishika kalamu, na kalamu haishikiki kwa glavu za mpira mzito. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi kila siku, akitia tiki mifuko inayoingia, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia kitu. Shuka moja ikaanza kuteleza kutoka juu ya toroli. Akaisukuma kwa ule mkono wa kalamu.

Alihisi kitu kama kuumwa na siafu. Alipoutazama mkono, sindano fupi, bado na bomba lake, ilikuwa inaning'inia kwenye kidole cha shahada.

Watu wake walijua la kufanya, maana lilikuwa ukutani. Yeye mwenyewe aliyelibandika ndiye aliyelisahau. Aliing'oa sindano, akakikamua kidole kama anakamua limau, kisha akakimbilia dumu la dawa ya kung'arishia shuka na kukizamisha humo mpaka kikawaka moto. Pasi ndiye aliyemvuta kwa kola mpaka kwenye bomba la maji, akamwekea sabuni, akamwambia aache maji yatiririke. Sindano ikachukuliwa kwa koleo ikatiwa kwenye kisanduku, na lebo ya mfuko ikabanduliwa ili wodi ijulikane. Kisha Kanuni akapanda ngazi kwenda kwa nesi wa wafanyakazi, uso umemwiva.

Nesi huyo alikuwa mgeni pale, na kile chumba cha ghorofa ya pili alikuwa amekikuta na makabati ya faili za watu wengine. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na miwani kwenye kamba. Alimkemea kwa kukamua na kwa dawa ya kung'arishia, kwamba huko ni kujiumiza tu, sabuni na maji yanatosha. Akaandika saa. Akapiga simu wodini kuuliza habari za mgonjwa. Akamwuliza Kanuni maswali ya afya, akataka kumtoa damu ya kuanzia, na Kanuni akasema labda kesho, ana mzigo chini. Ndipo nesi akavuta faili, akaitoa ile kadi.

Aliitazama. Uso wake ukalegea kidogo.

"Dozi tatu. Basi una bahati," alisema. "Mtu asiye na chanjo ningempa vitu viwili leo hii. Chanjo, ili mwili ujifunze kupigana, na sindano nyingine ya kinga iliyo tayari, ipigane wakati mwili unajifunza. Hiyo ya pili ni adimu, na haisubiri. Inatakiwa ndani ya saa ishirini na nne. Ikipita wiki haina kazi tena. Lakini wewe kadi imejaa."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pana kabisa, nesi alikuwa hata hajarudisha kadi ndani ya faili. Kanuni akasema asante, akashuka ngazi.

Saa sita simu ililia mezani kwake. Mgonjwa alishapimwa tangu alipolazwa: virusi vya ukimwi hana, homa ya ini B anayo. Nesi alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, akaongeza kwamba angekuwa mwingine angekuwa na wasiwasi, ila yeye mkuu aendelee tu na kazi. Kanuni akaweka simu chini, akabaki anaitazama karatasi ya kanuni iliyokuwa chini ya kioo cha meza yake.

Alimwendea Pasi kwenye meza ya pasi. Mashine ya mvuke ilikuwa inapiga kelele, kwa hiyo ilimbidi amsogelee sikioni, akamweleza yote. Pasi hakutania. Alizima mashine, jambo ambalo halikuwahi kutokea saa za kazi, akamwambia apande juu sasa hivi, hata kabla ya chakula. Kanuni akaanza kujitetea. Alisema ile dozi moja huenda ikamtosha, yeye ni mtu mwenye afya. Alisema watafukuzwa wote wawili. Alisema ana miaka kumi na mitano pale na hajawahi kupewa hata karatasi ya onyo, na yule nesi atamwonaje. Kila alichosema kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichohusu ini lake.

"Kazi yangu niachie mwenyewe," Pasi alisema. "Wale walinzi wawili siwezi kukurudishia, mkuu. Ningeweza, ningekuwa nimekupa tangu asubuhi."

Hakupanda. Ilipofika saa tisa alijiambia atapanda saa kumi. Saa kumi alijiambia nesi atakuwa ameshafunga, akaenda kuhakikisha, akaukuta mlango uko wazi na nesi yumo ndani, akapita moja kwa moja kama mtu anayekwenda zake kwingine. Kuna watu hufa kwa ugonjwa, na kuna watu hufa kwa haya, na huyu alikuwa amejipanga foleni ya pili.

Nyumbani mkewe aliona plasta. Kanuni akasema amekatwa na karatasi. Mkewe akakishika kile kidole akitaka kukitazama, kama mke yeyote, na Kanuni akakivuta kwa nguvu mpaka kikombe kikapinduka. Mkewe alifuta meza polepole, akamwuliza kama karatasi siku hizi zina sumu.

Kanuni alijua vizuri virusi hivyo huenda kwa njia gani. Alikuwa amewafundisha watu. Huenda kwa damu, huenda kwa wembe mmoja wa watu wawili, huenda kitandani kati ya mume na mke, huenda kwa mama na mtoto wake tumboni. Haviendi kwa sahani wala kwa kupeana mikono, lakini mke si mtu wa kupeana naye mikono tu. Mkewe hajawahi kuchanjwa, kwa kuwa kadi za hospitali ni za wafanyakazi. Akamtazama akikusanya vyombo, na hofu ikamshika, hofu hasa, si ile ya ncha ya sindano. Akamfuata jikoni akamwambia kila kitu, kuanzia korido mpaka simu ya saa sita.

Mkewe hakupiga kelele. Alimwuliza saa ishirini na nne zinaisha saa ngapi. Kanuni akasema kesho saa nne. Mkewe akasema nesi anafungua saa mbili, na saa mbili kasorobo yeye mwenyewe atakuwa amesimama mlangoni pale na mume wake, hata kama atamkokota kwa sikio.

Hakuhitaji kumkokota. Alhamisi saa mbili kamili Kanuni alikaa kwenye kiti cha nesi, mkewe kando yake na mkoba magotini, akasema: "Mihuri miwili kwenye kadi yangu si yangu. Nilichanjwa mara moja tu."

Nesi alivua miwani. Aliuliza nani alipita badala yake, Kanuni akasema hilo hatalisema. Nesi akasema sawa, kwanza mwili, lawama baadaye, na akaenda kwenye friji. Yule aliyekimbia sindano mbili mwaka mzima akapata tatu kwa mkupuo: ya kutoa damu, ya chanjo mkononi, na ile kubwa ya kinga iliyo tayari, ambayo huenda sehemu ya mwili asiyoonyesha mtu kwa wafanyakazi wake. Mkewe alimwambia ajikaze kisabuni. Alijikaza, akalowa jasho mpaka soksi, na hakuzimia. Nesi akampangia tarehe za dozi zilizobaki na za vipimo hadi miezi sita ipite, akamkataza kuchangia damu, akawaambia watumie kondomu kwanza, kisha akampima na mkewe na kumchanja dozi yake ya kwanza palepale. Ilikuwa saa tatu na nusu. Amewahi.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na Kanuni angeipenda iishie hapo. Lakini nesi alikuwa ameshika rundo la kadi tisa mkononi na anazitazama kwa jicho lingine kabisa. Alisema kama moja ni ya uongo, zote hazina maana mpaka zithibitishwe. Akaagiza idara yote ipande juu saa saba.

Wakapanda, wakajipanga ukutani na aproni zao. Nesi aliwaambia haulizi nani kamdanganya nani, ofisi itauliza hayo kwa wakati wake. Yeye anataka kujua mkono upi haukuchomwa. Hakuna mkono ulioinuka. Kanuni akaona ni zamu yake, akapiga moyo konde, akasimama mbele yao kama Jumatatu, isipokuwa safari hii hakuwa na karatasi. Aliwaambia kwamba alichanjwa mara moja, kwamba mara mbili zilizobaki alimtuma mtu, kwamba aliwasomea kanuni ile akijua kwamba yeye ndiye wa kwanza kuivunja.

Alisubiri washangae. Hakuna aliyeshangaa.

"Tunajua, mkuu," alisema mwendesha mashine, bila ubaya. "Tulikuwa kwenye foleni ile ile. Dada Pasi alipita mbele yetu mara mbili, na yeye kujificha hajui."

Pasi akatazama dari. Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. Ndipo mwendesha mashine akanyoosha mkono kusema kwamba na yeye dozi ya tatu hakupata, alikuwa na safari, na kwa kuwa mkuu mwenyewe alikuwa ametuma mtu, naye alituma. Kisha mkono wa pili ukainuka mwisho wa mstari, polepole sana. Ulikuwa wa mkunja shuka, mwanamke kijana wa watoto wawili ambaye wenzake walimwita Bibie Pole kwa sababu ya sauti yake. Siku ya dozi ya kwanza alikuwa msibani, mwenzake akampitia. Dozi ya pili ilipofika, kadi yake ilikuwa na muhuri, na hakujua atasemaje kwamba ya pili kwake ndiyo ya kwanza. Akampitisha mtu tena, na tena. Kadi yake ilikuwa na mihuri mitatu. Mkononi hakuwa na hata dozi moja.

Nesi akasema vizuri amesema, ataanza leo. Akamwuliza, kwa desturi tu, kama amewahi kuchomwa na kitu kazini.

Bibie Pole akasema ndiyo. Sindano ilikuwa imepita kwenye mashine ikabaki ndani ya pindo la shuka safi, ikamchoma kwenye kiganja. Nesi akauliza lini. Akasema inatimia miezi mitatu.

Nesi alimwuliza kwa nini hakupanda siku ile.

"Ningekuja wangefungua kadi," alisema. "Kadi inasema ninayo kinga. Ningeanza kueleza, ningefukuzwa, na watu wengine pamoja nami." Akaikunja ncha ya aproni yake. "Mume wangu nimemwambia mgongo unaniuma. Nalala chini na watoto tangu siku hiyo. Anadhani nina mtu."

Hakumtazama Kanuni aliposema hayo, na ingekuwa afadhali angemtazama.

Ofisi iliwapa Kanuni na Pasi barua za onyo kali, na Kanuni akavuliwa ukuu kwa mwaka mmoja. Kufukuzwa hakufukuzwa mtu, maana ofisi nayo iliulizwa ni nani aliyeruhusu kadi zigongwe mihuri kabla ya mikono. Majibu ya damu ya Bibie Pole yalichukua siku tatu. Katika siku hizo tatu Kanuni alikula, alilala, na alikwenda kazini akiwa na kinga ya kutosha mwilini, na kila alipoikumbuka alijisikia vibaya.

Siku ya nne mkunja shuka aliitwa ghorofani. Alikaa huko nusu saa. Aliporudi alivaa aproni yake, akaosha mikono, akaenda kwenye meza yake ya upande wa nguo safi, ambako Kanuni sasa alipangiwa kukunja pamoja naye.

"Ninavyo," alimwambia. Nesi amesema haijulikani kama virusi hivyo ni vya sindano ile au ni vya zamani. Amesema watu wazima wengi mwili huviondoa wenyewe, atapimwa tena baada ya miezi sita, na visipoondoka zipo dawa za kulilinda ini. Kesho atakuja na mumewe na watoto wapimwe, wachanjwe. Alisema yote hayo kwa sauti yake ileile ya pole.

Kanuni alitafuta la kusema, mtu aliyekuwa na maneno ya kila Jumatatu. Alilolipata lilikuwa moja. "Nisamehe, dada."

Bibie Pole alikuwa ameshatandua shuka kutoka kwenye rundo. Alimrushia ncha mbili.

"Shika huko," alisema. "Shuka ni kubwa."